Kumwombea Asiyekuwepo: Dua za Kila Siku na Umoja wa Waislamu Kisiwani Pemba

1.0 Utangulizi

Katika misikiti mingi ya Pemba, ibada ya alfajiri haishii kwenye salamu ya imamu. Baada ya salamu husomwa nyiradi, kisha mikono huinuliwa na kuombwa dua ambayo ndani yake hutajwa wazazi, wagonjwa, wasafiri na waliotangulia mbele ya haki. Maamuma huitikia amina, hupeana mikono, na kila mmoja hushika njia yake kuelekea shambani, pwani au sokoni. Desturi hii imezoeleka kiasi kwamba ni rahisi kuipita bila kuiuliza swali. Hata hivyo, katika miongo ya mwisho ya karne ya 20 ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyobishaniwa sana misikitini, na kuna waliobadilisha msikiti wa kusalia kwa sababu yake.

Insha hii inachunguza historia ya dua kwa ajili ya wengine kisiwani humo. Hoja yake kuu ni kwamba thamani ya dua hiyo haikutokana na sauti inayoisoma wala wingi wa waliohudhuria. Ilitokana na kazi iliyofanya: ilimweka ndani ya jamii mtu asiyekuwepo, yaani aliye baharini, aliye ugenini, aliye kaburini, na hata aliyekosana na wenziwe. Ili kuithibitisha hoja hiyo, insha inaanza na msingi wa mafundisho, inafuatilia namna mafundisho hayo yalivyokaa katika mazingira ya kisiwa, kisha inatazama nyakati tatu ambapo desturi hii ilijaribiwa: mjadala wa marekebisho ya dini, kususiana kwa kisiasa katika miaka ya 1990, na kuzama kwa meli ya MV Spice Islander I mwaka 2011.

2.0 Msingi wa Dua kwa Wengine

Kurani inawataja mitume waliowaombea wengine pamoja na nafsi zao. Katika sura ya 14, Nabii Ibrahimu anajiombea msamaha yeye, wazazi wake na waumini wote. Katika sura ya 71, Nabii Nuhu anafanya hivyo hivyo, na anamtaja pia kila aingiaye nyumbani kwake akiwa muumini. Sura ya 59, aya ya 10, inawasifu waliokuja baada ya kizazi cha kwanza kwa kuwa wanawaombea msamaha ndugu zao waliowatangulia katika imani, na kwa kuwa wanaomba nyoyo zao zisibaki na chuki dhidi yao. Aya hii ya mwisho inastahili kuzingatiwa. Inaunganisha mambo mawili ambayo kwa kawaida hutazamwa mbalimbali: kumwombea mwenzako na kuondoa kinyongo juu yake.

Katika hadithi, tegemeo kubwa ni ile iliyopokewa na Imamu Muslim kutoka kwa Abu Dardaa. Maana yake ni kwamba dua ya Muislamu kwa ndugu yake asiyekuwepo hujibiwa, na malaika aliyewekwa karibu na mwombaji huitikia amina na kumtakia naye mfano wa alichokiomba. Imamu Nawawi, mwanazuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi aliyefariki mwaka 1277, aliitengea maudhui hiyo mlango wake katika kitabu chake cha adhkari, ambacho hadi leo ni rejeo la dua za asubuhi, jioni, safari, maradhi na msiba. Sababu ya kusifiwa kwa dua ya namna hii iko wazi. Anayeombewa hajui kwamba anaombewa. Kwa hiyo mwombaji hawezi kutafuta shukrani wala sifa. Kinachobaki ni nia yake tu.

Zaidi ya hayo, sala yenyewe imejengwa juu ya lugha ya wingi. Muislamu husoma sura ya Fatiha mara 17 kila siku katika rakaa za faradhi, na hata akiwa peke yake chumbani humwomba Mola wake uongofu kwa ajili ya wengi, si kwa ajili ya nafsi yake pekee. Katika tahiyatu huomba amani juu yake na juu ya waja wote walio wema. Kwa maana hiyo, kumwombea mwingine si nyongeza inayokuja baada ya ibada. Kumo ndani ya ibada yenyewe, kwa anayejua maana ya maneno anayoyatamka.

3.0 Kisiwa, Bahari na Msafiri

Uislamu ulifika Pemba mapema. Msafiri na mwanahistoria wa Kiarabu, al-Masudi, alisafiri kutoka kisiwa alichokiita Qanbalu kwenda Oman mwaka 304 Hijria, sawa na mwaka 916 au 917 Miladia, na wataalamu wengi wanaona kwamba kisiwa hicho ni Pemba. Alieleza kwamba wakaazi wake walikuwamo Waislamu. Alieleza pia kwamba katika bahari zote alizozipita hakuona yenye hatari kuliko hiyo, na akawakumbuka wenye vyombo aliosafiri nao ambao baadaye walikufa maji humo. Mabaki ya misikiti ya kale huko Ras Mkumbuu, pamoja na sarafu za fedha zaidi ya 2,000 zilizofukuliwa Mtambwe Mkuu katika miaka ya 1980, yanathibitisha ukale wa dini hiyo kisiwani. Sarafu hizo zina majina ya watawala pamoja na maneno mafupi yanayoonyesha kumtegemea Mwenyezi Mungu.

Mambo haya mawili, ukale wa dini na hatari ya bahari, yanasaidia kueleza kwa nini dua ya msafiri ilipata nafasi kubwa. Maisha ya Wapemba yamefungamana na safari. Wavuvi huenda dago, yaani huhamia kwa miezi kadhaa katika kambi za uvuvi mbali na kwao, wengine wakivuka hadi pwani ya Kenya. Wafanyabiashara huenda Unguja, Tanga, Mombasa na Dar es Salaam. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 wengi walihamia Uarabuni, hasa Oman, na wengine Ulaya. Kwa hiyo ni nadra kupata nyumba isiyokuwa na mtu wake ng'ambo ya maji.

Katika hali hiyo dua haikuwa maneno ya kumuaga msafiri pekee. Iliendelea kila siku hadi arudi. Mama aliyemaliza sala ya magharibi na kubaki juu ya msala akimtaja mwanawe aliyeko dago alikuwa anatimiza hasa kile ambacho hadithi ya Abu Dardaa imekielekeza: kumwombea mtu nyuma ya mgongo wake. Kabla ya simu kuenea, huo ndio uhusiano pekee ambao familia iliweza kuudumisha kila siku na mtu wake aliye mbali.

4.0 Kunuti, Nyiradi na Sauti ya Pamoja

Waislamu wengi wa Pemba hufuata madhehebu ya Shafi, na wapo pia Waibadhi, hasa miongoni mwa wenye asili ya Oman. Tofauti kati yao inaonekana kila alfajiri. Mashafi huleta kunuti katika rakaa ya pili, Waibadhi hawaleti. Mashafi huitikia amina baada ya Fatiha, Waibadhi hawaitikii. Katika mafundisho ya Kiibadhi, aidha, kumwombea mtu msamaha na pepo kunafungamana na walaya, yaani mapenzi ya kidini kwa yule ambaye wema wake umethibiti. Licha ya tofauti hizo, wafuasi wa madhehebu haya mawili waliishi mtaa mmoja kwa karne nyingi. Jambo hili linaonyesha kwamba tofauti ya namna ya kuomba, peke yake, haikutosha kuivunja jamii.

Kwa upande wa Mashafi, kunuti ina kanuni moja yenye uzito. Anayesali peke yake hujiombea uongofu kwa umoja, lakini imamu anatakiwa aibadili dua hiyo iwe ya wingi. Wanazuoni waliitegemeza kanuni hiyo juu ya hadithi inayomlaumu imamu anayejihusisha nafsi yake kwa dua na kuwaacha walio nyuma yake, na kuhesabu kitendo hicho kuwa ni kuwafanyia hiana. Hivyo uimamu si kutangulia mbele tu, bali ni dhamana ya kuwabeba wengine katika maneno.

Nyiradi zinazosomwa kwa pamoja zina historia yake. Mojawapo ya zilizoenea sana katika pwani ya Afrika Mashariki ni Ratibu ya al-Haddad, iliyokusanywa na Imamu Abdallah bin Alawi al-Haddad (1634–1720) wa Tarim, Hadhramaut, na kuenezwa na masharifu na wanafunzi wao. Ni mkusanyiko wa aya, tasbihi na dua fupi zinazokaririwa kwa idadi maalumu, na katika mwisho wake husomwa Fatiha kwa ajili ya watu wanaokusudiwa, walio hai na waliokufa.

Usomaji wa sauti ulikuwa na kazi ya kielimu pia. Imamu Shafi mwenyewe, katika kitabu chake al-Umm, alipendelea adhkari za baada ya sala ziletwe kimya, isipokuwa imamu anapotaka watu wajifunze kutoka kwake. Hapo atainua sauti mpaka aone wamejifunza. Katika kisiwa ambacho watu wengi walijifunza kusoma herufi za Kiarabu chuoni bila ya kuielewa lugha yenyewe, na ambacho vitabu vilikuwa vichache, haja hiyo ya kujifunza haikuisha katika kizazi kimoja. Mtoto aliyekaa safu ya nyuma aliichukua dua kwa masikio. Mvuvi ambaye hakupata nafasi ya kukaa chuoni alijua dua ya wazazi wake waliokufa kwa sababu aliisikia kila siku.

5.0 Karafuu na Wakfu

Dua kwa wengine ilipata pia msingi wa kiuchumi. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba, ambayo haikupata madhara makubwa kiasi hicho, ikawa kitovu cha zao hilo. Wenye mashamba waliweka sehemu ya mali zao kuwa wakfu. Wapo waliokusudia pato la wakfu liendeshe msikiti, na wapo waliotaka sehemu yake igharimie usomaji wa Kurani na dua kwa ajili yao na wazazi wao baada ya kufa.

Taratibu hizo zilikuwa na sura mbili. Kwa upande mmoja zilihakikisha kwamba marehemu hasahauliki. Kwa upande mwingine zilimwezesha tajiri kujiwekea waombaji, jambo ambalo maskini hakuliweza. Hata hivyo maskini hakuachwa nje kabisa. Hitima yake ilisomwa na majirani, kila mmoja akishika juzuu moja kati ya 30, na gharama yake ilikuwa chai na kitu cha kutafunia. Baada ya ardhi kutangazwa kuwa mali ya umma mwaka 1964 na kugawiwa eka tatu tatu, mfumo wa mashamba makubwa ulivunjika. Hitima ya majirani ndiyo iliyobaki imara, kwa kuwa haikutegemea shamba.

6.0 Mjadala wa Marekebisho

Uhakiki wa desturi hizi haukuanza na vijana wa mwishoni mwa karne ya 20. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947) wa Mombasa alikuwa tayari amezungumzia mambo yaliyozuliwa katika dini kupitia maandishi yake, likiwamo gazeti la Al-Islah la mwaka 1932. Sheikh Abdulla Saleh Farsy (1912–1982), mzaliwa wa Unguja aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliendeleza njia hiyo, na tafsiri yake ya Kurani kwa Kiswahili, iliyokamilika mwaka 1969, iliwapa wasomaji wa kawaida uwezo wa kuona maana wenyewe. Katika miaka ya 1980 walirudi vijana waliosoma nje, hasa Saudi Arabia na Sudan, na jina la Answari Sunna likaanza kusikika Unguja na Pemba.

Hoja zao zilikuwa bayana. Walisema dua ya pamoja kwa sauti baada ya kila sala haikuthibiti kwa Mtume. Kwamba hitima za siku maalumu ni uzushi. Na kwamba watu wameacha kujifunza dua zilizopokewa kwa sababu wanategemea kuitikia amina. Waliojibu walisema kwamba dua imeamrishwa bila kufungwa na hali moja, kwamba wanazuoni wakubwa wameruhusu mkusanyiko, na kwamba kuondoa desturi hizo kutawaacha wasiojua kusoma bila ya dua yoyote.

Ukiyatazama mabishano hayo kwa makini, linajitokeza jambo ambalo wakati huo halikupewa uzito. Hakuna upande uliokana kumwombea mwingine. Walioacha dua ya pamoja waliihimiza dua ya siri, na dua ya siri ndiyo hasa inayosifiwa katika hadithi ya asiyekuwepo. Walioshikilia dua ya pamoja walilinda chombo kilichowafundisha wengi kuwaombea wengine. Hoja ya kwanza ilikuwa na nguvu katika usahihi wa namna. Ya pili ilikuwa na nguvu katika malezi. Hasara ilipatikana pale mtu alipoacha nyiradi za msikitini bila ya kuanzisha dua yake nyumbani, na pale aliyebaki msikitini alipoitikia amina bila ya kujua nani anaombewa.

7.0 Kususiana: Dua Inapozuiliwa

Jaribio kubwa zaidi halikutoka katika fikihi bali katika siasa. Baada ya uchaguzi wa vyama vingi wa mwaka 1995, ambao matokeo yake ya Zanzibar yalipingwa vikali, uhasama kati ya wafuasi wa CCM na CUF uliingia ndani ya maisha ya vijiji vya Pemba. Watu walisusiana madukani, harusini na mazikoni. Kuna waliokataa kusali nyuma ya imamu wa chama kingine. Tarehe 27 Januari 2001 vyombo vya dola viliwafyatulia risasi waandamanaji. Watu zaidi ya 30 waliuawa Zanzibar, wengi wao Pemba, na wengine zaidi ya 2,000 walivuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya.

Kususia mazishi kunahitaji kuelezwa kwa lugha ya sheria ili uzito wake uonekane. Sala ya jeneza ni faradhi kifaya: wakiitekeleza wachache, wajibu unawaondokea wote. Kwa hiyo, kwa hukumu ya fikihi, maiti aliyesusiwa na nusu ya kijiji hakukosa haki yake maadamu walikuwapo wa kumsalia. Lakini jamii ilikuwa imepoteza kitu ambacho hukumu haikukipima. Sala ya jeneza kiini chake ni dua. Asiyehudhuria kwa makusudi alikuwa anatangaza kwamba hayuko tayari kumwombea jirani yake rehema. Hapo ndipo aya ya sura ya 59 inapopata maana ya karibu, kwa kuwa kinyongo na dua vilikuwa haviwezi kukaa pamoja, na kilichoshinda kilikuwa kinyongo.

Maridhiano ya Novemba 2009 kati ya Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad yalifungua mlango mwingine. Kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 iliidhinisha Serikali ya Umoja wa Kitaifa kwa zaidi ya asilimia 66. Makubaliano ya viongozi, hata hivyo, hayawezi kumlazimisha mtu aende mazikoni kwa jirani yake. Hilo lilitegemea nyoyo za wanavijiji wenyewe.

8.0 Msiba wa MV Spice Islander I

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I, ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama karibu na Nungwi. Ilikuwa siku chache baada ya Idd el Fitri, na ilibeba abiria wengi kupita uwezo wake. Watu zaidi ya 600 waliokolewa na takribani miili 200 ilipatikana, lakini idadi ya waliopotea ilikuwa kubwa mno kuliko hiyo. Serikali ilitangaza siku tatu za maombolezo, na dua na hitima zilisomwa Unguja na Pemba.

Kwa familia ambazo watu wao hawakuonekana, msiba huu ulileta swali ambalo mazishi ya kawaida hayana. Katika fikihi, aliyepotea huhesabiwa kuwa hai mpaka upatikane ushahidi wa kifo chake au hukumu ya kadhi. Mke hawezi kuanza eda kwa dhana, wala mirathi haigawiwi kwa hofu. Lakini kabla ya kadhi kuamua, kila nyumba ilipaswa kuamua jambo dogo na zito zaidi: imwombee mtu wake nini? Siku ya kwanza walimwombea aokolewe. Ilifika siku ambapo walilazimika kubadili maneno na kumwombea rehema. Badiliko hilo la maneno ndilo lililokuwa mazishi yao, kwa kuwa hapakuwa na kaburi.

Mafundisho yaliwapa nguzo za kushika. Madhehebu ya Shafi yanaruhusu kumsalia maiti aliye mbali, kwa kufuata alivyofanya Mtume alipomsalia Najashi. Hadithi zinamhesabu aliyekufa maji kuwa miongoni mwa mashahidi. Na dua, tofauti na kumzuru marehemu, haihitaji mahali. Aidha, bahari haikuwachagua abiria kwa vyama vyao wala kwa msimamo wao juu ya nyiradi. Aliyesoma hitima na aliyeomba kimya walikuwa wanawaombea watu wale wale.

9.0 Hitimisho

Historia ya Pemba inaonyesha kwamba namna za kuwaombea wengine zimebadilika mara nyingi. Wakfu ulipungua, dua ya pamoja ikabishaniwa, vitabu na tafsiri vikachukua sehemu ya kazi ya sauti ya imamu. Kisichobadilika ni haja yenyewe. Kisiwa kinachoishi kwa safari daima kitakuwa na watu wasiokuwepo, na dua ya kila siku ndiyo njia iliyomwezesha kila mtu, tajiri na maskini, msomi na asiyesoma, kuwahesabu kuwa wangali wake.

Funzo la kususiana ni kwamba desturi hii huweza kufa hata pale ambapo misikiti imejaa na nyiradi zinasomwa, iwapo jirani ameondolewa katika nia ya mwombaji. Funzo la msiba wa mwaka 2011 ni kwamba huweza kusimama hata pale ambapo hakuna mwili, kaburi wala mkusanyiko. Kwa hiyo kipimo cha thamani yake hakiko katika swali la iwapo imeombwa kwa sauti au kimya, bali katika swali la nani ametajwa na nani ameachwa.